Finjani Niliyomjazia Mista Walt

Zamda, anayeshika dalla ya kahawa sasa hivi pale ofisini, kanambia: "Ami Saidi, andika. Usiondoke na mambo yote kichwani, maana kichwa chenyewe hicho hakina mfuniko." Basi nnaandika. Msitarajie maandishi ya msomi. Skuli nilifika darasa la sita. La saba tulitazamana dirishani, kila mmoja akaenda zake.

Kazi yangu ilikuwa kumimina kahawa. Miaka ishirini na tisa, ofisi moja ya serikali hapa Maskati. Sitoitaja jina, kwa sababu wakubwa wake bado nnakutana nao msikitini. Watu wakiniuliza nnafanya nini, nikiwajibu: "Nipo serikalini, upande wa maji ya moto." Wengine wakidhani mimi mhandisi. Sikuwarekebisha.

Kabla ya hapo nilikuwa hoteli moja Matrah, nabeba sahani. Kiingereza changu nimekiokota huko, mezani na jikoni. Ndo maana mpaka leo nnajua namna tisa za kumuuliza mtu anataka yai lake vipi, lakini barua ya kuomba likizo kwa Kiingereza siwezi. Hiki Kiingereza cha mayai mkiweke akilini, kitakuja kunitia mashakani mbele.

Siku ya kwanza nilivaa dishdasha mpya, ile kanzu ya Kiomani, kofia imesimama kama ukuta, nikaingia jikoni nikashika dalla kwa mkono wa kulia. Dalla ndo lile birika letu la shaba, mdomo wake umepinda kama wa ndege. Mzee Khalfan, aliyekuwa na kazi ile kabla yangu, akanitazama kuanzia kofia mpaka ndala.

"Weye, umekuja kumimina kahawa au kumwagilia mchicha?"

"Kahawa, mzee."

"Basi dalla kushoto. Mkono wa kulia ni wa finjani. Mtu humpi kitu kwa kushoto, hata ukiwa unampa talaka."

Kila nnachokijua kanifundisha yeye. Buni ikaangwe mpaka ifike rangi ya kokwa ya tende, ikipita hapo umeshapika mkaa. Isagwe papo hapo. Iliki iingie mwisho, na iliki haitiwi kwa ghadhabu, kwa sababu mkono wenye hasira hauna kipimo. Kahawa ikishachemka iache itulie, usiikimbize. Mgeni ndo wa kwanza, khalafu unazunguka kwa kulia. Unasimama. Hukai, hujiegemezi ukutani, hupigi miayo. Kupiga miayo kwa ndani nilijifunza mwaka wa pili.

Na kubwa kuliko yote ni finjani. Kile kikombe kidogo hakijazwi. Theluthi tu. Mgeni akimaliza unamuongeza, akimaliza unamuongeza, mpaka mwenyewe akitikise kidogo mkononi, hivi, ndo kasema basi. Ukimjazia pomoni, umemwambia: kunywa hii, uondoke zako.

"Watu hawatukanwi kwa mdomo tu, Saidi," alikuwa akisema Mzee Khalfan. "Kuna watu wametukanwa kwa maji ya moto, wakahama mtaa."

Sheria yake ya mwisho: ukiingia barzani, ule ukumbi wa wageni, masikio yaache nje pamoja na ndala. Ndala nikiziacha. Masikio, Mungu kanijaalia ya kubandikwa, hayavuliki.

Mzee Khalfan kafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mimi nikabaki na dalla yake. Nikazoea. Mawaziri wakaja, wakaondoka. Miye nimesimama. Mpaka ukafika ule mwaka walipoletwa Wamarekani wawili.

Waliletwa watazame kazi za ofisi: ipi serikali iifanye yenyewe, ipi iachiwe kampuni. Mmoja Mista Walt. Mtu mrefu, mnene, viatu vyake ukiviona mlangoni unadhani imeingia familia nzima. Wa pili Bi Joan, mwembamba, miwani moja shingoni kwa kamba, nyengine kichwani, na bado anatafuta miwani.

Siku ile ya kwanza hakuna aliyemfundisha Mista Walt kutikisa finjani. Akimaliza, namuongeza. Akimaliza, namuongeza. Yeye anadhani akikataa atatuvunjia heshima, na miye nikiacha nitamvunjia yeye. Tukaenda hivyo mpaka finjani ya kumi na moja. Hapo mkono ukaanza kumtetemeka wenyewe kwa ile kahawa, nami nikaona, alhamdulillahi, keshatikisa. Usiku ule nasikia hakulala. Bi Joan yeye alimtazama jirani yake Muomani, akaiga. Mkitaka kuwajua watu wawili, wapeni kahawa kabla ya kuwauliza siasa.

Maana siasa ndo iliyokuwa chakula chao. Miye nilidhani wataalamu wa nchi moja watakuja na fikra moja, kama timu ya mpira. Kumbe hata goli liko wapi hawakubaliani. Kwao kuna vyama viwili, na hawa kila mmoja wa kwake. Saa nne nikiingia na dalla, nawakuta washaanza, simu mkononi, wanasoma khabari za kwao.

Mista Walt neno lake lilikuwa moja: serikali ilinde mipaka, ikamate wezi, mengine iwaachie watu. Pesa ya mtu anaijua mwenyewe jasho lake. Baba yake alikuwa na duka la misumari na rangi katika mji mdogo.

"Anafunga duka magharibi," akisema, "khalafu anakaa masaa matatu anajaza fomu za serikali. Fomu ya rangi. Fomu ya ngazi. Fomu ya kuthibitisha kuwa amejaza fomu. Mwisho kalifunga duka. Kazikwa na kalamu mfukoni."

"Na ile barabara iliyowaleta wateja wake," Bi Joan anamkata, "nani aliitia lami, Walt? Baba yako, kwa misumari?"

"Kwa kodi yake!"

"Basi si ndo serikali hiyo?"

Bi Joan na yeye alikuwa na ya kwao. Mama yake alifanya kazi kiwandani. Kiwanda kikafungwa, mwenyewe akahamishia mashine nchi nyengine. "Mwenye kiwanda aliondoka. Jirani walikuwa hawana kitu kama sisi. Aliyebaki ni serikali. Nimekula chakula cha skuli kilicholipwa na watu nisiowajua, na siwaonei haya."

"Kilifungwa kwa sababu ya kodi."

"Kilifungwa kwa sababu ya tamaa."

Na miye hapo katikati, dalla kushoto. Akisema Mista Walt, naona kweli bwana, mimi mwenyewe nimepeleka karatasi moja dirisha saba. Akisema Bi Joan, naona kweli bi mkubwa, hospitali iliyompasua mke wangu jicho ni ya nani? Nikiingia barzani niko chama hichi, nikitoka niko kile. Siku waliyozungumza ushuru wa bidhaa za nje ndo walinimaliza. Mista Walt wa serikali ikae mbali anatafuta sababu za serikali kuingia kati, na Bi Joan wa serikali iingie anasema watu waachwe wanunue wanapotaka. Nikasimama kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akidhani yake. Lakini wenyewe niliwaona kidogo wamepunguza sauti. Nadhani na wao walijisikia wamebadilishana upande.

Sasa haya yote yalikuwa mchezo mzuri wa saa nne, mpaka mchezo ulipofika jikoni kwangu.

Ulifika siku ya kikao barzani. Yupo mudiri wetu, mkuu wa ofisi, Ustadh Hilal, wapo wakubwa kama sita, na hao wataalamu wawili wanasoma walichoandika. Wakafika ukurasa wa watu wa huduma. Tulikuwa wanane: wa usafi, wa chai, wa mlangoni, na miye. Wakati huo nilibakisha miaka mitatu kufika pensheni kamili. Mtu wa darasa la sita, miaka hamsini na kitu, akitolewa hapo aende wapi? Aombe kazi kwa kumuuliza mtu yai analitaka vipi?

Mista Walt akasema, kwa Kiingereza: "Hapa hakuna mjadala. Serikali haina kazi ya kumimina kahawa. Ipewe kampuni, au iwekwe mashine pale kona. Utabonyeza, utakunywa."

Bi Joan akaruka. "Hizi ni ajira, Walt. Ni sehemu ya mkataba baina ya serikali na raia."

Mkataba huo nilitia saini lini, sikumbuki. Lakini nilishukuru. Khalafu nikagundua kitu. Wanabishana juu ya kahawa, mwenye kahawa kasimama hatua mbili, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua macho. Anayenitoa hanitazami, anayenitetea hanitazami. Ningekuwa kabati wangalau wangetazama kama lina kufuli.

Finjani ya Mista Walt ilikuwa tupu, kaninyooshea huku anaendelea kusema. Nikainamisha dalla. Theluthi ikapita. Nusu ikapita. Nikaona kahawa inapanda mpaka ukingoni, na mkono hausimami. Ilijaa mpaka ikawa na mgongo.

Wakubwa wote sita wakaanza kutazama zulia, kama zulia limesema neno.

Mista Walt akatazama finjani. Uso ukamnawiri. "Hebu oneni! Miezi minne, leo ndo nimepata kikombe cha mtu mzima!" Akainywa yote. "Shukran, shukran."

Jamani, nimeona mambo, lakini mtu kutukanwa akashukuru kwa Kiarabu, hilo sijaliona tena.

Kikao kilipokwisha Ustadh Hilal akaniita. Mama yake ni wa Zanzibar kama wangu, na akikasirika huacha Kiarabu akarudi kwenye Kiswahili cha mama yake. Alianza kwa Kiswahili.

"Saidi. Umefanya nini?"

"Mkono uliteleza, Ustadh."

"Mkono wako haujateleza miaka ishirini na sita."

Nikaanza kuufuta mdomo wa dalla kwa kitambaa.

"Umemfukuza mgeni ndani ya baraza langu."

"Lakini mwenyewe hakujua, Ustadh. Kafurahi."

"Yeye hakujua. Sisi tumejua. Na weye umejua. Nenda kamwambie, umtake radhi."

"Nikamwambie nimemtukana, na mtu keshashukuru?"

"Ndiyo. Na uende mbio, maana kanambia kesho anataka nyengine kama ile."

Nilikwenda jikoni kwanza. Nikakaanga buni upya, polepole. Hasira ilikuwa ishatoka, imebaki aibu. Mzee Khalfan angenivua kofia. Nilikuwa nimechukua kitu ambacho babu zetu wamekiweka kwa ajili ya kumheshimu mgeni, nikakifanya jiwe la kumpigia. Na nimempiga mtu asiyejua kama kapigwa, hiyo ndo mbaya zaidi. Kama mtu ana haki ya kutukanwa, basi ana haki ya kujua.

Nikawakuta wote wawili chumbani mwao, wanabishana. Nikasimama mlangoni, dalla kushoto.

"Mista Walt," nikasema kwa Kiingereza changu cha mayai. "Ile finjani iliyojaa. Maana yake ni: kunywa, ondoka. Nilikutukana. Nimekuja kukutaka radhi."

Akaiweka kalamu chini. Bi Joan akavua miwani ya shingoni, akavaa ya kichwani.

"Kwa nini?" akauliza Mista Walt.

"Kwa sababu ulisema niondoke. Nikakwambia uondoke."

"Kwani weye unafahamu tunayosema?"

"Yale mafupi, yote. Yale marefu, nusu."

"Tangu lini?"

"Tangu duka la misumari."

Bi Joan akashika mdomo. Mista Walt akakaa akanitazama, pengine mara ya kwanza kweli kweli, khalafu tumbo likaanza kumtikisika kwa kicheko. "Kwa hiyo miye nimekufukuza, na weye umenifukuza. Tumetoka sare."

"Sare, Mista Walt. Lakini miye nimeomba radhi, kwa hiyo nimeongoza kwa bao moja."

Bi Joan hakucheka. Alisema polepole: "Miezi minne nakutetea, na sijui jina lako."

"Saidi, bi mkubwa."

"Saidi. Na weye unaonaje? Serikali ikae na kazi hii au iiache?"

Nawaambia kweli, katika miaka yangu yote hakuna aliyewahi kuniuliza nnaonaje. Wakiniuliza tu: kahawa iko tayari? Nikatafuta jibu zuri la kiofisi, sikulipata. Nikawapa la nyumbani.

Nikawaambia: babu yangu Zanzibar alikuwa na shamba la mikarafuu. Kalirithi kwa baba yake, mti mmoja mmoja anaujua. Siku moja wakaja watu wa serikali na karatasi ina muhuri, wakasoma, shamba likawa si lake. Babu akakaa barazani na ufunguo wa ghala, ghala lenyewe hana. Baba yangu akatuleta huku Maskati hana hata mkeka. Na huku siku moja wakaja watu wa serikali, na karatasi, na muhuri. Mama yangu alipouona ule muhuri alijifungia chumbani analia. Kumbe wametupa kiwanja Mawaleh. Ndo nyumba nnayolala mpaka leo.

"Kwa hiyo, Mista Walt, ukisema serikali itachukua, namsikia babu. Bi Joan, ukisema serikali ilibaki, namsikia baba. Wote wawili wa kwetu. Nimekula nao sinia moja. Sasa nimwambie nani kati yao anyamaze?"

Wakatazamana. Nikajiona, mashallah, mtu wa darasa la sita nimepatanisha Marekani.

"Unaona!" Mista Walt akamgeukia mwenziwe. "Ilichukua shamba! Kwa karatasi tu!"

"Unaona!" Bi Joan akajibu. "Ilitoa kiwanja! Hawakuwa na mkeka!"

Wakaendelea mpaka adhuhuri. Nikawamiminia. Theluthi.

Ripoti ilipotoka, ukurasa wetu ulikuwa na maoni mawili, ya huyu juu, ya yule chini, wameshindwa kukubaliana. Ustadh Hilal akaupasua ukurasa katikati, kwa maana ya kuamua: usafi, chai na mlango vikaenda kampuni. Kahawa ya wageni ikabaki mpaka miye nitakapostaafu, na baada yangu hakuna wa serikali atakayewekwa.

Nani alikuwa sawa? Rashidi wa mlangoni alitoka, kafungua kibanda cha chapati na chai karibu na soko, leo hataki hata kusikia neno ajira, na Mista Walt humuombea dua. Bi Moza wa chai alihamia kampuni, wakampunguzia masaa, wakamuongezea ghorofa za kuhudumia, na akitajiwa jina la Mista Walt husema astaghfirullah. Wote wawili wa ukurasa mmoja. Nimefikiri mengi juu yao. Ninalolijua ni kuwa miye nnawasimulia kwa mzaha, lakini kwao wenyewe haya hayakuwa mzaha.

Na kampuni ndo iliyomleta Zamda, kutoka Tanga. Asubuhi anafagia, saa nne anasimama nami. Kazi yake na kibali chake vimefungwa kwenye kontrakti ya kampuni, kontrakti ikikatika anarudi kwao. Serikali si yake, kampuni si yake. Yeye hakuwemo katika maoni ya juu wala ya chini. Hata miye, nilipokuwa nnapigania dalla yangu, sikumfikiria mtu kama yeye. Kabati na kabati hawatazamani.

Nikamfundisha kila kitu. Siku ya kwanza alishika dalla kwa kulia, nikamuuliza kama kaja kumwagilia mchicha. Akanijibu, "Kwetu mchicha tunaumwagilia kwa ndoo, Ami, sio kwa hili dude." Nikajua hapa pana mtu. Nikamfundisha theluthi, na nikamsimulia khabari ya Mista Walt, mpaka neno la mwisho.

Siku yangu ya mwisho, mwezi uliopita, Ustadh Hilal alinikalisha barzani pahala pa mgeni. Miaka ishirini na tisa sijawahi kukaa mule. Zulia ni laini, sikujua. Zamda akaingia, dalla kushoto, akaanza na miye. Theluthi. Nikamaliza, akaongeza. Nikamaliza, akaongeza. Sikutikisa. Kila mtu anaona sitikisi. Ya tano, ya sita, ya saba. Wengine wakaanza kucheka, mwengine anatazama saa. Miye natazama finjani tu. Nilikuwa nnajua nikitikisa, basi imekwisha, na mkono ulikuwa hautaki.

Ya nane Zamda akainamisha dalla. Theluthi ikapita. Nusu ikapita. Akajaza mpaka ukingoni, mpaka ikawa na mgongo.

Wakubwa wakatazama zulia.

Akaniangalia, macho yamemjaa na yeye kama finjani, akasema: "Ami, mkono wangu haujateleza."

Nikainywa yote, inaunguza. Nikatikisa. Nikanyanyuka, nikawapa mkono mmoja mmoja kwa kulia, nikatoka nje nikatafuta ndala zangu.

Iliki ilizidi kidogo, Zamda. Punguza.